Mvulana Ambaye Bibi Alijiahidi

Juzi nilikaa foleni ya kliniki pale Tarime mjini, nimepeleka mguu wangu huu unaovimba, na mbele yangu walikaa kinamama wajawazito waliokuwa wakisubiri kupigwa picha ya tumbo. Mmoja akaingia, akatoka muda si mrefu, simu iko sikioni. "Ni wa kike," akasema. Akamsikiliza wa upande wa pili. "Sasa mimi nifanyeje? Si ndiyo hivyo." Akakata simu, akamwita mama wa karanga aliyekuwa akipita na beseni, akanunua, akaanza kutafuna. Ikaisha hapo. Nilimwangalia yule mwanamke na karanga zake, nikasema moyoni kwamba kuna watu wana bahati na hawajui. Maana neno hilohilo, kwetu Nyamwaga, tulilingoja msimu mzima wa mvua, na lilipofika nusura litubomolee nyumba.

Ngoja nikusimulie. Kaa vizuri, wewe si mgeni kwangu.

Mji wa bibi ulikuwa juu kidogo ya kijito. Nasema mji, na wewe unajua sisi watu wa huku boma la familia tunaliita mji, hata kama lina nyumba mbili na zizi moja. Nyumba kubwa ilikuwa ya bibi, ya pili ndogo ya udongo, katikati yake uwanja uliofagiwa mpaka ukang'aa. Chini kulikuwa na migomba, juu mahindi na ulezi, na zizi lilikuwa na harufu ile ambayo mpaka leo nikiisikia barabarani nageuza shingo. Asubuhi nilikuwa naamshwa na sauti ya maziwa yakigonga ndani ya kibuyu. Kazi yangu ilikuwa kuzoa mavi ya ng'ombe, kuchota maji, kisha kunywa uji wa ulezi haraka haraka nikimbie shule. Mama yangu alikuwa ameolewa mbali, upande wa Mugumu, akaniacha pale nimsaidie bibi. Nilikuwa darasa la nne hivi, mwenye domo, na bibi alisema nimelirithi kwake.

Bibi alizaa mabinti watupu. Wote wameolewa, ng'ombe wa mahari wameingia zizini, babu akafa, na mji ukabaki hauna mtoto wa kiume hata mmoja. Kwa Wakurya hilo si jambo la kuachiwa hivihivi. Kuna njia yake, na njia hiyo inaitwa nyumba ntobhu: mwanamke mwenye ng'ombe wake anaoa mke, kwa mahari kamili na wazee wakiwepo, na watoto wa mke huyo wanakuwa wa mji wake. Mke huyo anaolewa kwa niaba ya mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Kwa hiyo ng'ombe waliokuja kwa ajili ya mama yangu ndio waliotoka kwenda kumleta dada mmoja awe mke wa bibi, na mimi nikaambiwa nimwite mke wa mjomba. Mjomba mwenyewe hakuwahi kuwepo duniani, lakini mke wake alikuwepo, na nilimpenda mpaka nikawa nasahau kazi.

Alikuwa mtu mzima, si binti mdogo. Alishawahi kuolewa kule karibu na Sirari, akakaa miaka, hakupata mtoto, wakamrudisha kwao. Ndipo bibi alipomwona na kumtaka. Alikuwa na kicheko cha polepole, na vidole vyepesi vya kusuka nywele. Alinificha mara nyingi bibi aliponitafuta kwa fimbo. Akipika mboga ya mgagani anailaza kwenye maziwa usiku mzima, kesho yake ukiila na ugali wa mtama unasahau kama kuna nyama duniani. Mwanamume wa kuzaa naye, bibi ndiye aliyemkubali, kama taratibu zilivyokuwa, na sisi watoto hayo hatukuyauliza. Mimba ikaingia. Na hapo ndipo raha yetu ilipoanza kupata wasiwasi.

Kwa sababu bibi hakusema "mtoto". Tangu siku ya kwanza alisema "Mura". Mura kwetu ni kijana wa kiume. Akiamka anapita ile nyumba ndogo ya udongo, anakolala mke wa mjomba, anainama karibu na tumbo lake na kusema, "Mura, umeamkaje?" Mwanzoni tulicheka. Baadaye mke wa mjomba akawa hacheki.

Jirani yetu mkunga, mama mmoja mnene aliyezalisha nusu ya kata, alijaribu kumtuliza. "Mama, tumbo halina dirisha," akamwambia. Bibi akamjibu kwamba yeye haoni kwa macho, anaona kwa dalili. Na dalili alikuwa nazo debe zima. Mjamzito anatamani kichuri, utumbo ule unaopikwa na nyongo, mchungu mpaka ulimi unajikunja, basi ni mvulana. Tumbo limechongoka mbele, ni mvulana. Amelalia ubavu wa kulia, ni mvulana. Nakwambia hata ng'ombe angeota ndevu, bibi angesema ni dalili.

Ungekuwa ni maneno tu, ningesema sawa. Lakini bibi alianza kuyafanya. Alichagua ndama dume mzuri kuliko wote, mwekundu, akamkata alama sikioni na kumvalisha kengele, akatangaza kwamba ni wa mjukuu wake. Kisha akawaita vijana wang'oe visiki pale pembeni ya zizi, pakasawazishwa, kiwanja cha nyumba ya Mura atakapokua. Wewe fikiria. Mtoto hajazaliwa na tayari ana kiwanja.

Haya yote aliyafanya mbele ya babu mdogo, na huyu lazima nikujulishe. Alikuwa mdogo wake marehemu babu, mji wake uko ng'ambo ya ua, ana wana wa kiume tele na ardhi kidogo. Mji wa bibi ukikosa mrithi, mashamba yanarudi kwa huyo na wanawe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kila asubuhi kusalimia, ananiitikia shikamoo yangu vizuri, anaegemea ua kwa fimbo yake na kuangalia migomba ya kule chini kama mtu anayeangalia nguo dukani. Siku ya kiwanja alisema tu, "Shemeji, si tungengoja kwanza?" Bibi akacheka kwa sauti ambayo ilifika barabarani, maana sisi kunong'ona hatukufundishwa. "Ngoja wewe," akasema. "Sisi tumeshapata."

Siku moja tulikuwa kijitoni tunafua, mimi na mke wa mjomba. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, tumbo limeshakuwa zito. Akaniuliza kama naweza kuweka siri. Nikamwambia naweza, na wewe unanijua kwamba nilikuwa nadanganya.

"Nikizaa wa kike," akasema, "bibi yako atanirudisha."

Nikamwambia hawezi. Akaendelea kusugua khanga aliyokuwa anaifua.

"Kule kwa kwanza walinirudisha kwa sababu sikuzaa. Sasa nitarudishwa kwa sababu nimezaa. Safari hii baba yangu hatafungua mlango."

Tangu siku hiyo sikula vizuri. Nikiwa darasani mwalimu akifundisha hesabu, mimi namwomba Mungu mtoto awe mvulana. Nikichota maji naomba. Nikimtazama bibi anavyomsemesha yule ndama wake natamani kumfunga mdomo kwa kitambaa. Kila mtu pale nyumbani alikuwa anamngoja mtu mmoja, na mimi na mke wa mjomba tu, nadhani, tulikuwa tunaogopa asije asije.

Akazaliwa Jumamosi, asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, barabara ya udongo imeharibika na gari la kwenda kituo cha afya halipiti, kwa hiyo mkunga aliitwa nyumbani. Nilipewa kazi ya kuchochea moto wa maji uwanjani. Kinamama majirani walijaa kwenye kivuli cha ukuta wakimenya viazi ambavyo hakuna aliyewaomba wamenye. Babu mdogo naye alikuja, akasimama zizini akijifanya anakagua kwato za ng'ombe. Bibi alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa nyumba ndogo, mgongo umenyooka, khanga mpya kiunoni. Sisi, watu wa kelele, tulikaa kimya mpaka nikasikia maji yakianza kuchemka.

Mtoto akalia. Sauti kubwa, ya hasira.

Kwetu, vigelegele ndivyo vinavyotangulia. Mvulana anapigiwa virefu mpaka vilima vya ng'ambo vijue, msichana vifupi, lakini vinapigwa. Tukangoja mlango ufunguke. Mkunga hakutoka. Kichanga kinalia, sisi tunangoja, na mimi nikajua. Mtu hachelewi kutoka hivyo kama ana habari ya kumfurahisha mwenye nyumba. Hatimaye akatoka akijifuta mikono, akamtazama bibi machoni, akasema, "Mama, Mungu amekupa binti. Mzima kabisa." Mama mmoja pale ukutani alianza kigelegele kwa mazoea, akakikata katikati.

Bibi alinyanyuka. Akachukua kibuyu, akaenda zizini kukamua, na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa tangu alfajiri. Babu mdogo akasogea kumpisha.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka na ndizo ninazozikumbuka zaidi. Bibi alipika uji mzito wa mzazi, akaukoroga vizuri, akaweka siagi ya ng'ombe, kisha akanipa mimi nipeleke. Yeye hakuvuka kizingiti cha nyumba ndogo. Mtoto akakaa hana jina. Mke wa mjomba alikuwa anakula akiangalia mlango, na kila kivuli kikipita anaacha kutafuna. Nikitoka na bakuli tupu bibi ananiuliza, "Kamaliza?" Namjibu kamaliza. Basi, anageuka. Na yule ndama na kengele yake anazunguka uwanja mzima kutwa, ngele ngele ngele, hata ukitaka kusahau huwezi.

Jioni moja babu mdogo akaja. Akaletewa kiti, akaletewa maziwa, akanywa polepole, akasema, "Pole, shemeji."

"Asante," bibi akajibu. Mtoto amezaliwa mzima na watu wanapeana pole. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko nachagua mawe kwenye ulezi, nikisikia kila neno.

Babu mdogo akaongea kwa upole, na upole ndio ulionitisha. Alisema yule mwanamke alishawahi kurudishwa, kwa hiyo kwao hawatashangaa akirudishwa tena. Alisema yeye mwenyewe atasimama na wazee wadai ng'ombe wa mahari, wasirudi pungufu. Na kwa kuwa mji hauwezi kukaa bila mwanamume, atampa bibi mjukuu wake mmoja, wa kiume, amlee kama wake, atumie kile kiwanja kilichokwisha kusawazishwa. Unaona alivyopanga? Kila kitu ambacho bibi alikililia, mvulana, mrithi, nyumba pembeni ya zizi, kimewekwa mezani. Anachotakiwa ni kusema ndiyo.

Nilingoja bibi amfukuze. Hakumfukuza. Aliangalia kiwanja kwa muda mrefu, akasema, "Nipe mpaka kesho asubuhi."

Ukuta wa udongo hauzuii sauti. Nilipoingia nyumba ndogo nilimkuta mke wa mjomba anapanga nguo zake kwenye khanga, anazikunja taratibu kama anayeenda kusalimia ndugu. Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze nitamwamsha mtoto. Nikaona hakuna la kufanya, nikaenda nikakaa juu ya ule mzigo, nikakataa kutoka. Aliniomba, akanisukuma kidogo, nikang'ang'ania. Mwisho akacheka kile kicheko chake cha polepole huku machozi yanatoka, akakaa chini kando yangu na mtoto kifuani. Hapo ndipo usingizi uliponichukua.

Kulipokucha babu mdogo alikuwa ameshafika, amevaa koti lake la kanisani. Bibi akamkaribisha kiti. Kisha akaita, "Mke wa mwanangu, toka nje na mtoto."

Akatoka. Mtoto kifuani, mzigo kichwani, miguu imepakwa mafuta ya safari. Mimi nyuma yake nimeshika pindo la gauni lake. Bibi aliuona ule mzigo, na nikaona uso wake ukibadilika kama mtu aliyepigwa.

"Shusha hicho," akasema.

Mke wa mjomba hakuelewa. Bibi akaenda mwenyewe, akautoa kichwani kwake, akauweka chini. Akamgeukia babu mdogo.

"Shemeji, mimi nilimwoa huyu. Sikuoa tumbo lake."

"Kwa hiyo mvulana humtaki tena?"

"Namtaka. Namtaka mpaka leo, usiku silali. Lakini hakuna aliyeniahidi. Si huyu, si Mungu, si wewe. Nilijiahidi mwenyewe, nikatangaza mwenyewe, na aibu yake nitaibeba mwenyewe. Siwezi kumtwika mtoto wa watu."

Babu mdogo akachora chora chini kwa fimbo. "Unajua mji huu utaishia wapi?"

"Najua. Utaishia kwenye mahindi yako. Lakini leo bado upo, na uji unapoa. Unakunywa au hunywi?"

Akanywa. Nitasema nini, alikuwa ndugu.

Usifikiri tuliruka kwa furaha. Mimi kwa utoto wangu nilidhani bibi sasa amepona, nikamkuta nyuma ya zizi amemshika yule ndama shingoni, anamvua kengele, analia. Sikuwahi kumwona akilia hata alipokufa babu. Nikamuuliza kama hampendi mtoto. Akanivuta karibu, mikono yake inanuka maziwa.

"Mtoto hana kosa," akaniambia. "Yule mwingine ndiye anayenitesa. Nilikaa naye miezi yote hiyo, namsalimia, nampa ng'ombe, namjengea. Sasa hayupo, na siwezi hata kumwekea matanga, watu watasema nimechanganyikiwa. Niache nimlilie kidogo."

Nikamwacha. Alimlilia kidogo, kama alivyosema, halafu siku moja akaingia nyumba ndogo bila kuambiwa na mtu, akatoka na mtoto, akamwita kwa jina la mama yake mzazi. Ndama akaungana na wenzake malishoni. Kiwanja cha Mura tukakipanda viazi vitamu.

Nilipita Nyamwaga mwaka jana kwenye msiba. Ni mahindi, kama bibi alivyosema, mahindi ya wajukuu wa babu mdogo, na yamestawi, siwezi kuwasingizia. Zizi halipo. Migomba imebaki michache kule chini. Nilisimama nikajaribu kutambua nyumba ndogo ilikuwa wapi nikashindwa, mpaka kijana mmoja akanisalimia na kuniuliza kama nimepotea. Bibi amelala chini ya mahindi hayo. Mke wa mjomba anaishi Tarime mjini na anauza ndizi sokoni, na bado anacheka polepole. Siku hizi hata kule kijijini wanajua mapema, mtu anarudi na jibu lake kwenye pochi, na ule ukimya wa uwanja mzima unaongoja mlango ufunguke umekwisha. Sitasema ninautamani. Ulinikondesha. Lakini nikiufikiria sana, sikumbuki ile siku ya kwanza peke yake. Nakumbuka na ya pili.

Maana mke wa mjomba alizaa tena, miaka miwili mitatu baadaye. Bibi alikuwa amechoka sasa, magoti yanamsumbua. Safari hii hakuna aliyeitwa Mura, hakuna ndama aliyekatwa sikio. Babu mdogo alikuwa ng'ambo ya ua, anapanga kuni zilizokwisha kupangika. Mtoto akalia. Bibi alikuwa jikoni anakoroga uji. Mkunga akatoka, na kabla hajasema kitu bibi akamuuliza, "Mama yake mzima?"

"Mzima."

"Ameshakula?"

"Bado."

"Basi nipishe." Akashika bakuli la uji mkono mmoja na beseni la maji ya vuguvugu mkono mwingine, akaelekea mlangoni. Mkunga akabaki amesimama, mikono imelowa, na habari yake mdomoni.

"Mama, mbona huulizi?"

"Nitaona nikimwogesha," bibi akasema, akainama chini ya mlango ule mfupi, akaingia.

Alikuwa wa kike tena. Bibi alimwogesha, akampaka mafuta, akamrudisha kifuani kwa mama yake, kisha akatoka uwanjani, akasimama katikati na kupiga kigelegele peke yake, kirefu, mpaka babu mdogo akaweka kuni chini.